Jinsi ya kusoma Dracula usiku, ukiwa na daftari la tarehe

Tarehe 24 Julai msichana aitwaye Mina anashuka kwenye treni katika mji wa Whitby, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Rafiki yake Lucy amekuja kumpokea kituoni, amependeza kuliko siku zote. Siku hiyohiyo, kwenye Ghuba ya Biscay, nahodha wa meli iitwayo Demeter anaandika kwamba baharia mwingine ametoweka usiku. Mina hajui habari za meli, nahodha hajui habari za Mina. Ya kwanza iko sura ya sita, ya pili iko sura ya saba, na mwandishi hakushiki mkono kukuonyesha kwamba ni siku moja.

Nilisoma Dracula, riwaya ya Bram Stoker kuhusu mnyonya damu, mara mbili bila kuliona hilo. Mara ya tatu nilikuwa na daftari, na usiku ule sikuzima taa. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kukisoma kitabu hiki mara ya kwanza na kuipata hofu yake yote, hasa msomaji ambaye Kiingereza cha karne ya 19 kinampa tabu kidogo. Sitakutajia nani anakufa na nani anapona.

Hatua ya 1: Hakikisha nakala yako ni kamili

Nakala yangu ya kwanza niliinunua kando ya barabara, kwenye turubai la vitabu vya mitumba. Jalada zuri, bei nafuu. Nilipofika mwisho nilijiuliza watu wanaogopa nini hapa. Baadaye nikagundua ilikuwa imefupishwa: kumbukumbu za safari ya meli hazimo kabisa, barua nyingi zimekatwa, na hadithi imesimuliwa moja kwa moja kama habari ya gazeti. Nilikuwa nimekula wali mkavu nikadhani ndiyo biriani.

Kitabu kamili kina sura 27 na maneno kama 160,000. Fungua ukurasa wa kwanza: unapaswa kuona shajara ya Jonathan Harker, imeandikwa Bistritz, mji wa Transylvania, tarehe 3 Mei. Kikianza kwa namna nyingine, kirudishe. Kwa kuwa kilitoka mwaka 1897, hakimiliki yake imekwisha zamani, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na nakala ya wizi: Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanacho bure, unakipakua kwenye simu kwa bando dogo sana, na LibriVox wanacho cha kusikiliza.

Ukikisoma kwenye simu, zima data. Hofu ya kitabu hiki hujengwa polepole kama maji yanavyojaa ufukweni, na ujumbe mmoja wa kikundi cha harusi unatosha kuibomoa.

Hatua ya 2: Futa uliyoyaona kwenye filamu

Karibu kila mtu anadhani anamjua huyu bwana Dracula: koti jeusi lenye kola ndefu, nywele zimelazwa kwa mafuta, anaungua akipigwa na jua. Kwenye kitabu, mara ya kwanza unapomkuta ni mzee mrefu mwenye masharubu marefu meupe, amevaa nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni, na ana nywele kwenye viganja vya mikono. Tazama kiganja chako sasa hivi, halafu fikiria kumpa mkono mtu wa aina hiyo.

Jua nalo halimuui. Nguvu zake hupungua mchana, lakini anatembea barabarani kama mimi na wewe. Jambo la kuuawa na jua lilikuja na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922, ambayo mjane wa mwandishi, Florence Stoker, aliishtaki kwa kutumia hadithi ya mumewe bila ruhusa. Mahakama ikaamuru nakala zake ziharibiwe, ingawa nyingine zilipona. Kwa hiyo usisome ukijifariji kwamba kukipambazuka kila mtu yuko salama.

Hatua ya 3: Andaa daftari la tarehe

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, hata ukiruka nyingine zote.

Kitabu hakina msimulizi mmoja. Ni bunda la karatasi: shajara, barua, simu za maandishi, kipande cha gazeti, kumbukumbu za meli, na sauti ya daktari aliyejirekodi kwenye mitungi ya nta ya fonografi, mashine ya zamani ya kurekodi sauti. Kila karatasi ina tarehe. Na kila mwandishi wa karatasi anajua kipande chake tu.

Chukua daftari la kawaida la shule. Gawa ukurasa safu tatu: tarehe, nani anaandika, na jambo moja tu lililotokea. Moja tu, maneno yasizidi kumi. Ukianza kuandika muhtasari utachoka kabla ya sura ya tano. Acha mistari mitupu kati ya tarehe na tarehe, maana sura ya tano inarudi nyuma hadi Mei na utahitaji nafasi ya kuchomeka.

Daftari langu la Mei linasomeka hivi:

8 Mei. Harker. Kioo cha kunyolea.
9 Mei. Mina. Barua kwa Lucy, anajifunza hatimkato.
12 Mei. Harker. Ukutani, kichwa chini.
19 Mei. Harker. Barua tatu.
24 Mei. Lucy. Wachumba watatu siku moja, anacheka na kulia.

Tazama mistari hiyo miwili ya mwisho. Lucy anamwandikia rafiki yake kwa furaha ya msichana aliyeposwa mara tatu kati ya asubuhi na jioni. Ukiisoma barua hiyo peke yake ni ya kuchekesha. Ukiiona chini ya 19 Mei, unataka kumfokea anyamaze.

Hatua ya 4: Sura nne za kwanza, usiku mmoja au miwili

Sura hizi nne zote ni za Harker, wakili kijana wa Kiingereza aliyetumwa Transylvania, katika Romania ya leo, kukamilisha ununuzi wa nyumba kwa ajili ya Dracula. Zisome bila kukatisha mno. Mimi husoma mbili usiku wa kwanza na mbili usiku wa pili. Kuna maelezo ya chakula, mavazi na milima mwanzoni. Usiyaruke. Harker anaandika kama mtalii mwenye furaha, anataka hata kupata upishi wa kuku wa pilipili ampelekee mchumba wake Mina, na furaha hiyo ndiyo kipimo chako. Kila baada ya kurasa chache jiulize: bado anaandika vyakula? Siku atakapoacha, na wewe utakuwa umeshaanza kutazama mlango.

Nenda polepole kwenye tukio la 8 Mei. Harker ametundika kioo kidogo dirishani, ananyoa ndevu. Mkono unamgusa begani, sauti inamsabahi. Anashtuka, kwa sababu chumba chote cha nyuma kilikuwa kinaonekana kiooni na hakuona mtu akiingia. Amejikata kidevu. Anageuka, anaitikia salamu, kisha anarudi kutazama kioo tena ahakikishe. Bwana yule amesimama karibu naye kabisa, na kioo hakina mtu.

Ona anavyolieleza: hapigi kelele. Anatazama mara ya pili kama mtu anayehesabu chenji. Hofu nzuri huandikwa hivyo, na ukisoma haraka itakupita.

Kisha fika 19 Mei uchukue kalamu nyekundu. Mwenyeji anamtaka Harker aandike barua tatu za kutuma nyumbani: ya kwanza iseme kazi inakaribia kwisha, ya pili iseme anaondoka kesho yake asubuhi, ya tatu iseme ameshaondoka kwenye ngome na kufika Bistritz salama. Aweke tarehe gani? Anaambiwa: 12 Juni, 19 Juni, 29 Juni. Harker anaelewa papo hapo kwamba sasa anajua amebakiwa na siku ngapi za kuishi.

Andika tarehe hizo tatu kwa wino mwekundu, mbele kabisa, kwenye mistari mitupu ya Juni. Halafu endelea kusoma. Kila ukifungua daftari utazikuta zinakungoja. Mwandishi hakukumbushi kila mara. Daftari ndilo litakalokukumbusha, na utakapofika Juni yenyewe utajua kwa nini nilisema kalamu nyekundu.

Hatua ya 5: Whitby, na meli

Kuanzia sura ya tano hadithi inahamia Uingereza, na wasomaji wengi hulegea hapa. Barua za wasichana, uchumba, upepo wa bahari. Vumilia, kisha kuwa makini kuanzia sura ya sita, kwa sababu mji huu mwandishi aliujua kwa macho yake. Bram Stoker, Mwairishi mzaliwa wa Dublin aliyekuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum jijini London, alikwenda Whitby likizo mwaka 1890. Jina Dracula alilikuta kwenye kitabu cha maktaba ya mji huo. Transylvania hakuwahi kufika. Aliijenga kutoka vitabuni. Lakini ngazi 199 za Whitby, magofu ya abasia (makao ya zamani ya watawa) na makaburi yaliyo juu ya jabali, hayo alipanda akayaona. Na miaka mitano kabla hajafika, mwaka 1885, meli ya Kirusi iitwayo Dmitry ilikwama ufukweni pale pale.

Utakutana na mzee wa makaburini, Bwana Swales, anayezungumza lahaja ya Yorkshire. Hutaielewa kwenye kusoma kwa macho. Hata Waingereza wengi inawashinda. Isome kwa sauti mara moja, shika mambo mawili: anadai mawe mengi ya makaburi yamesema uongo, na anapenda kukaa juu ya kaburi fulani. Basi, songa mbele. Msichokonoe kila neno kwenye kamusi, mtapoteza usiku.

Sasa kumbukumbu za meli, sura ya saba. Hizi nakushauri uzisome na watu.

Sisi tulizisoma barazani, umeme umekatika, mimi na binamu zangu wanne na taa moja ya chemli. Dada yetu mkubwa alisoma sehemu ya nahodha peke yake, na sisi wengine kazi yetu ilikuwa moja: kuhesabu. Meli imeondoka bandari ya Varna na mabaharia watano, wasaidizi wawili wa nahodha, mpishi na nahodha mwenyewe. Watu tisa. Tuliweka kokoto tisa sakafuni. Kila dada alipofika mahali mtu ametoweka, aliyekuwa karibu aliondoa kokoto moja. Hakuna aliyesema neno. Zilipobaki tatu, binamu yangu mdogo aliinuka akaenda kukaa katikati ya wakubwa.

Nahodha anaandika kwa ufupi kama mtu wa kazi: hali ya hewa, matanga, nani yuko zamu. Shehena yake ni mchanga na masanduku yaliyojaa udongo. Weka kokoto, soma taratibu, na msomaji asitie mbwembwe za sauti. Uzito umo kwenye tarehe na kwenye kokoto zinazopungua.

Hatua ya 6: Usikimbie mumiani wako

Wengine hushauri kwamba ili uogope inabidi ujifanye Mwingereza wa mwaka 1897. Sikubaliani. Sisi tuna mlango wetu wa kuingilia kitabu hiki, na ni mlango mpana.

Nani hakuambiwa utotoni asizurure magharibi, mumiani watamchukua? Kamusi za zamani zinaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi mithili ya utomvu, ambayo watu waliiamini kuwa ni damu iliyoganda. Kutoka hapo neno likawa la mtu anayeitafuta damu hiyo. Enzi ya ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika, watu walinong'onezana kuhusu wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kitabu chake kilitoka mwaka 2000.

Sasa ziweke pamoja. Mwaka 1897 Malkia Victoria alisherehekea miaka 60 ya utawala, na reli ya kutoka Mombasa kwenda bara ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa. Mwaka huohuo wasomaji wa London walikuwa wanatetemeka kwa hadithi ya mgeni kutoka mbali anayekuja kununua nyumba jijini mwao, amejifunza lugha yao kwa bidii ili asitambulike, na anataka damu yao. Kizazi kimoja au viwili baadaye, huku kwetu, mgeni aliyenunua ardhi, aliyejifunza lugha na kutaka damu, alikuwa anatoka kwao. Ukisoma sura ya pili, bwana yule anapomuuliza Harker kuhusu lafudhi yake ya Kiingereza na kusema hataki watu wageuke kumtazama barabarani, soma ukiwa na mumiani kichwani. Utaona kitabu kinakugusa mahali ambapo hakikukusudia.

Kitabu kina dhambi zake pia. Waroma, jamii ya wahamaji ambao Waingereza waliwaita Gypsies, wanaomtumikia yule bwana wamechorwa kama watu wasio na nafsi. Usiimeze hiyo kwa sababu tu kitabu ni maarufu.

Neno kwa wanaoogopa kwa ajili ya dini. Mkeo, mumeo au mama anaweza kukuuliza kwa nini unasoma mambo ya mashetani ndani ya nyumba. Msomee mahali Harker, Mprotestanti aliyefundishwa kwamba kuvaa msalaba wenye sanamu ni ushirikina, anavishwa msalaba huo na mwanamke mwenye nyumba ya wageni, anaona haya kuukataa, na siku chache baadaye anakiri kwamba kila akiugusa unamfariji. Mama yangu aliposikia kipande hicho alivuta kiti.

Hatua ya 7: Sehemu nzito ya kati

Kati ya sura ya 14 na ya 19 mwendo unapungua. Watu wanakutana, wanabadilishana karatasi, wanajadiliana. Profesa Van Helsing, Mholanzi, anazungumza Kiingereza kilichopinda na anahutubia kurasa kwa kurasa. Hotuba zake hazihitaji kuelewa kila sentensi; tafuta kile anachoomba watu wafanye, andika hicho, endelea.

Lakini kuna jambo la kufurahisha sana hapa kwa msomaji mwenye daftari. Sura ya 17 Mina anazipata karatasi zote, anasikiliza mitungi ya daktari (ambaye anakiri kwamba hajui jinsi ya kuipata sehemu anayoitaka kwenye rekodi zake mwenyewe), anaketi kwenye taipureta na kupanga kila kitu kwa mfuatano. Anasema katika jambo hili tarehe ndizo kila kitu. Nilipofika hapo na daftari langu gotini, nilihisi nimeshikwa bega na mtu mwema. Alikuwa anafanya kazi ileile niliyokuwa nafanya tangu 3 Mei.

Kabla ya hapo kuna simu moja ya maandishi utakayoikuta katikati ya Septemba. Ni ndogo, rahisi kuipita. Juu yake kuna maelezo kwamba imepelekwa anwani isiyo sahihi kwa sababu jimbo halikutajwa, ikachelewa saa 22. Simama hapo. Angalia imetumwa siku gani na nani alipaswa kuwa wapi usiku ule. Katika kitabu chenye kaburi, popo na mbwa mwitu, sijapata kuogopa kitu kama kosa lile dogo la anwani.

Hatua ya 8: Ukizidiwa

Funga kitabu kwenye tukio la mchana, si la usiku. Rudi nyuma kurasa mbili ikibidi. Usikilaze kando ya mto, kiache sebuleni. Watoto wakikuuliza unasoma nini, wape habari ya mbwa mkubwa aliyeruka kutoka kwenye meli, wataridhika. Na kama una mtu wa karibu aliyefariki hivi majuzi, ahirisha. Kuna sura za Septemba ambazo hazimfai mtu aliye msibani, nami nilimpa mtu kitabu hiki wakati usiofaa na bado najuta.

Hatua ya 9: Siku ya kumaliza

Zibakishe sura ya 26 na ya 27 kwa pamoja, na hizi usizisome usiku. Mbio za mwisho zinashindana na jua kuzama, tarehe 6 Novemba, na kila mmoja katika karatasi zile anatazama magharibi. Kwa hiyo keti dirishani au uani saa kumi alasiri na uanze sura ya 26. Ukiwa unasoma mwendo wa kawaida utaingia kurasa za mwisho mwanga ukiwa umeanza kuwa mwekundu. Jua letu huzama upesi, halingoji kama la kwao. Usiwashe taa mpaka umalize. Ukiona herufi zimeanza kufifia, sogea karibu na dirisha, uendelee.

Halafu fungua daftari, uandike 6 Novemba, jina la anayeandika, na jambo moja.